Mwanamke wa 1780

Mwenye duka aliigeuza mara mbili, akaikwaruza kidogo ukingoni, akaiweka kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Tukasubiri tarakimu zitulie. Gramu 28 na kitu. Akapiga hesabu kwa simu, akaandika nyuma ya risiti, akanisukumia ile karatasi chini ya kioo bila kusema neno.

1,700.

Mimi pia nilikuwa nimekuja na hesabu yangu. Nilikuwa nimetoka Isinya kukiwa bado giza, nimevaa jaketi la mamangu, nikapanda matatu hadi Kitengela na nyingine hadi tao, na njia nzima mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika sarafu ya fedha yenye chapa ya mwaka 1780. Elfu moja mia saba themanini! Kabla ya reli. Kabla Seyyid Said hajazaliwa. Kitu cha kale namna hiyo, nilijiambia, kikikosa sana kitalipa muhula mmoja. Chuo kilikuwa kinanidai 58,000, na jina langu lilikuwa limeshatolewa kwenye orodha ya wanaofanya mtihani.

"Lakini ni ya 1780," nikamwambia.

"Dadangu, zote ni za 1780."

Nilidhani ananichezea akili. Akanieleza pole pole, kama mtu ambaye ameshaieleza habari hiyo kwa wengi waliomjia na macho kama yangu. Sarafu hii imepigwa kwa miaka zaidi ya mia mbili, na tarehe yake haibadilishwi. Yangu ingeweza kuwa ya enzi za Sultan Barghash, ingeweza kuwa ya enzi za Mussolini. Kisha akakigusa kwa ukucha kijipete kilicholehemiwa juu ya kichwa cha yule mwanamke, pale pa kupitishia uzi. "Na hii kitu ndiyo imeiua kabisa. Wanaokusanya sarafu hawataki iliyochomelewa. Mimi nikiichukua, ni ya kuyeyusha."

Ningependa kuandika hapa kwamba lile neno kuyeyusha lilinichoma moyo, nikaikamata sarafu na kuondoka kwa hasira. Ukweli ni kwamba 1,700 hazikutosha. Zingekuwa 58,000 ningeiacha palepale kwenye kioo, na saa hii mngekuwa mnasoma makala ya mtu mwenye digrii.

Na kuna jambo nimelikwepa. Sarafu haikuwa yangu. Niliitoa usiku kwenye mkebe wa Kimbo chini ya kitanda cha bibi yangu, bibi akiwa amelala.

Niliirudisha usiku uleule. Bibi alikuwa anakoroma kwa ule mkoromo wake wa kukatakata, nikaiingiza chini ya leso zake kama nilivyoikuta, nikafunika mkebe. Hakuna aliyejua. Chuo nacho kikaisha bila sherehe, maana kuacha chuo si kama kumaliza. Siku moja tu unagundua kwamba huendi tena.

Nilichobaki nacho ni picha nilizopiga kwenye simu ndani ya matatu, na hizo ndizo zilizonifanya nianze kusoma. Upande mmoja kuna mwanamke mnene wa makamo anayetazama kulia. Ushungi umemfunika nywele ukashuka mgongoni, na begani amebana kipini kilichozungukwa na lulu. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili. Pembezoni kuna Kilatini kilichofupishwa hadi kikafanana na ujumbe wa mtu asiye na kredo: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Ukikirefusha unapata Maria Theresia, kwa neema ya Mungu, Kaizari wa Warumi, Malkia wa Hungary na Bohemia.

Warumi! Kumbe kwa maandishi yake yenyewe, bibi yangu amekuwa akiweka sarafu ya Kirumi kwenye mkebe wa Kimbo.

Si Roma ile ya kina Julius Caesar, lakini. Huyu Maria Theresia alitawala Austria na nchi zilizoizunguka kuanzia 1740. Ukaizari wenyewe haukuwa wake. Mumewe ndiye aliyechaguliwa mwaka 1745, yeye akaupata cheo kwa kuolewa, ingawa kazi ya kutawala aliifanya yeye. Alizaa watoto 16. Mume alifariki 1765, na tangu hapo akavaa ushungi wa ujane, ndio huo anaoonekana nao. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1780.

Kwa kawaida mfalme akifa, uso wake unaanza kuondoka mifukoni mwa watu. Wa huyu ulikataa kuondoka. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshauzoea. Walijua ina fedha safi sehemu 833 katika kila 1,000, walijua uzito wake mkononi, walijua jinsi ukingo wake ulivyochorwa, kwa hiyo mtu asingeweza kuuparua na kuiba unga wa fedha bila kuonekana. Ukiwaletea nyingine, hata yenye uzito uleule, walikurudishia. Wengine walihesabu lulu kwenye kile kipini cha begani kabla ya kuipokea; zikipungua tisa, biashara imekufa. Basi watu wa Vienna wakaendelea kumpiga chapa marehemu, na mwaka wakauacha ulivyo. Baadaye hata wasiokuwa na udugu naye wakafanya hivyo. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi ambako hiyo ndiyo iliyokuwa pesa ya sokoni, alijipatia haki ya kuipiga kule Roma. Waingereza nao hawakutaka kuachwa. Wakaanza kuipiga London mwaka 1936, baadaye hata Bombay. Serikali nzima ya Mfalme wa Uingereza ikikaa chini kuchonga mjane wa Austria aliyekufa zamani, ili muuza kahawa mmoja huko Harar asikatae malipo.

Waswahili waliiita riale. Ndiyo pesa kubwa iliyoendesha Unguja nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati Wamarekani wa Salem walipokuwa wakileta merikani, ile nguo ya pamba, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Seyyid Said alitia saini mkataba nao mwaka 1833. Na lugha yetu haikuona haja ya kutenganisha mambo: fedha ni ile madini, na fedha ni pesa. Wizara ya Fedha, ukiisikiliza vizuri, ni wizara ya riale za bibi.

Sasa nifike mahali ambapo sipapendi. Ule ukingo uliochorwa una maneno ya Kilatini, yanazunguka sarafu yote. IUSTITIA ET CLEMENTIA. Haki na huruma. Katika soko la Mkunazini, Unguja, watu waliuzwa kwa riale. Ushuru wa Sultani kwa kila kichwa ulihesabiwa kwa riale. Soko lilifungwa Juni 1873, Barghash alipolazimika kutia saini mkataba na Waingereza, na leo pale pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, mtu aliyesimamishwa akaguliwe meno alikuwa akibadilishwa na vipande vya fedha vilivyoandikwa haki na huruma pembeni. Nilisoma hilo usiku, upepo wa Isinya ukigonga mabati kama mtu anayetaka kufunguliwa, bibi akikohoa chumba cha pili, nikawaza ile riale ilipita mikono gani kabla haijafika shingoni kwao. Nilimuuliza kesho yake. Akasema, "Mambo ya kale hayo mamangu," kisha akauliza kama mkate umeletwa.

Huenda ningeachia hapo. Ila mwaka jana kazi ikaniletea Roma yenyewe.

Kazi yangu ni kuandika. Nikisema hivyo watu hufikiri vitabu. Ninaandikia watu wa ng'ambo makala za tovuti zao, kwa dola chache, na jina langu halitokei popote. Nimeandika kuhusu mashine za kukata nyasi mimi ambaye nyasi yangu inakatwa na mbuzi wa jirani. Siku moja mteja akaagiza maneno 2,000 kuhusu sarafu za fedha za Kirumi zenye wake wa makaizari na miungu wa kike. Nilicheka peke yangu. Nikasema haya, hii nitaifanya vizuri hata kama malipo ni yaleyale.

Warumi walikuwa na sarafu ndogo ya fedha iitwayo denari, ndiyo hiyo unayoisikia kanisani kwenye Agano Jipya. Upande mmoja huwa na uso wa mtawala. Mara nyingine ni uso wa mkewe, na hapo ukiigeuza unamkuta mungu wa kike. Mwanzoni niliona ni heshima kubwa. Kisha nikaanza kuangalia ni miungu gani waliopewa wanawake hao. Pudicitia, mwanamke anayevuta ushungi, ndiye staha. Concordia ni maelewano, hasa na mume. Fecunditas ni uzazi, mara nyingi ana watoto mikononi na miguuni. Faustina Mdogo, mke wa Marcus Aurelius, alipigwa nyingi za huyo, naye alizaa zaidi ya kumi. Halafu Juno, Venus, Vesta, Ceres. Nilipokuwa ninazipanga nikatambua nimeshawahi kuyasikia haya yote. Ni somo la kungwi! Jifunike, umridhishe, uzae, utunze moto wa nyumbani. Tofauti ni kwamba kungwi wa Mombasa anafunga mlango kwanza, na wale waliligonga kwenye fedha wakalipa askari mishahara nalo.

Niliyempenda ni Julia Domna. Alizaliwa Emesa, mji ambao leo ni Homs, Syria, akaolewa na Septimius Severus, mtu wa Leptis Magna, pwani ya Libya. Mwafrika na mke wake wa Kisyria, wakaitawala Roma. Denari zake ni nyingi, nywele zimesukwa kwa mawimbi mazito ambayo msusi yeyote wa Kitengela angekutoza pesa za maana. Anaitwa hadi mama wa kambi za jeshi. Lakini katika utawala wa mumewe huyo, fedha ndani ya denari ilishuka hadi karibu nusu, iliyobaki ikawa shaba, maana askari walitaka nyongeza. Uso ukazidi kupambwa, fedha ikazidi kupungua.

Na kulikuwa na Faustina Mkubwa, mamake yule mwenye watoto. Huyu ndiye aliyenisimamisha. Alifariki mwaka 140 hivi. Mumewe, Antoninus Pius, akamtangaza kuwa mungu, akaendelea kumpiga chapa kwenye sarafu miaka na miaka. Mwanamke amekufa, uso wake unanunua mkate. Karne 16 kabla ya Maria Theresia, mambo ni yaleyale.

Huko Roma pia ndiko nilikowakuta Haki na Huruma. Iustitia na Clementia walikuwa wanawake, miungu. Waliwekwa kwenye sarafu zamani hizo, Clementia akiwa na hekalu lake kwenye denari ya mwaka aliouawa Caesar. Kwenye riale walikuwa bado wapo. Tofauti ni kwamba nyuso zao zilikuwa zimefutwa, yamebaki majina, na majina yenyewe yamesukumwa ukingoni.

Mteja alilipa dola 12. Alisema aya ya Julia Domna ni ndefu mno, akaikata.

Baada ya hapo nikawa na hamu ya kumsimulia mtu, na mtu niliyekuwa naye mchana kutwa ni bibi. Alihamia kwetu macho yalipoanza kufifia. Mamangu alikuja bara miaka mingi iliyopita kushona nguo kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, na kupitia chama cha kina mama wenzake akanunua ploti Isinya, wakati watu walikuwa wanamcheka kwamba amenunua upepo. Hati ina jina lake peke yake. Bibi, mtu wa Mji wa Kale Mombasa, mpaka leo hajaisamehe Isinya kwa kukosa bahari. Huketi nje ya mlango na leso mbili, anasikiliza malori ya Namanga, anauliza, "Yale mawimbi?"

Nikamwambia, "Bibi, yule mwanamke wa kwenye riale yako ni nani?"

"Mke wa Sultani."

"Nani alikwambia?"

"Aambiwe nani? Huoni kajifinika kitwa? Mwanamke wa hishima zake."

Nikamwambia ni Mzungu, Mkristo, mjane, na alikufa zamani. Akanyamaza kidogo. "Mjane," akasema. "Ndiyo, ana uso wa mjane." Kisha, kama mtu anayerudi kwenye kesi, "Lakini kifua mbona wazi?"

Ndivyo alivyoanza kunieleza, si siku moja, kidogo kidogo, kila akijisikia. Riale hazikuwa moja. Zilikuwa saba, mkufu mzima, alivalishwa nyanyake siku ya harusi. Wakati huo sokoni Mombasa watu walikuwa hawatumii tena riale. Walitumia rupia ya India, ambayo nayo ilikuwa na mwanamke: Victoria, na tangu 1877 aliandikwa humo kuwa ni Kaizari wa kike. Kaizari mmoja alimfukuza mwenzake sokoni. Riale ziliposhuka kwenye biashara, ndipo zilipopanda shingoni. Sonara akazilehemu vijipete, akazitunga, na kuanzia hapo hakuna mume wala shemeji aliyeweza kusema hizi ni pesa za nyumba. Ni pambo la mwanamke, ni mahari yake, ni yake.

Nimeufikiria sana ule ukucha wa mwenye duka. Kijipete alichosema kimeiua sarafu ndicho kilichoitoa mikononi mwa kina Sultani na kina Mussolini.

Mbili za kwanza ziliuzwa na mamake bibi, mwaka ambao mumewe, baharia, jahazi lilirudi bila yeye. Mbili nyingine bibi alizitoa mwenyewe. Hizo alizizungumzia siku ambayo mama hakuwepo. Aliolewa na miaka kumi na saba, na mume yule, alisema, "alikuwa na mkono." Akaenda kwa kadhi kuomba khului, mwanamke anarudisha mahari na kuachwa huru. Mahari ilishaliwa kitambo. Akazikata riale mbili kwenye mkufu kwa meno, akampa ndugu yake akaziuze, pesa zikapelekwa mbele ya kadhi, zikahesabiwa, akatoka na karatasi yake.

Hapo nilitaka kusema kitu kuhusu Mkunazini. Sikusema. Alikuwa anapepeta mchele kwa vidole, anatafuta mawe asiyoyaona.

Ya tano ilinunua cherehani, mama akajifunzia. Mengine mnayajua: Athi River, chama, ploti, hati.

"Na ya sita?"

"Ya sita iliibwa."

"Na nani?"

"Mtu wa nyumbani."

Hakuongeza neno. Upepo ulikuwa umenyamaza kwa ghafla, kama unavyofanya Isinya saa kumi jioni. Nilinyanyuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Nina rafiki pale kwenye makutano ya barabara ya Pipeline, mama wa Kimaasai anayeuza shanga. Sote humwita Yeyo. Nilimwonyesha picha ya riale siku moja, nikitegemea anishangae. Hakuuliza mwaka, hakuuliza ni nani. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaenda moja kwa moja kwenye kijipete. "Aliyefanya hii alijua kazi," akasema. "Uzi hautakatika." Kisha akaniambia ningeiweka wapi kwenye shingo, na shanga za rangi gani kila upande. Mumewe aliuza ardhi yao eka baada ya eka, tangu ranchi ya kikundi ilipogawanywa. Mara ya mwisho yeye aliambiwa na mnunuzi. Shanga zake, lakini, hazijawahi kuingia kwenye mkataba wowote. Alizokuwa amevaa siku ile zilifika mpaka tumboni.

Nikirudi nyumbani kondakta akanirudishia chenji, sarafu ya ishirini, tembo. Tangu Desemba 2018 sarafu zetu mpya zina wanyama. Kabla ya hapo alikuwepo Elizabeth, kisha tangu 1966 Mzee Kenyatta, kisha Moi, kisha Kibaki kwenye ile ya arobaini ya mwaka 2003. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote binafsi kwenye pesa ya Kenya, na mimi naiunga mkono kabisa, tumechoka na nyuso. Nilihesabu tu ndani ya matatu: malkia mmoja wa Kiingereza, marais watatu, wanyama wanne. Mlango ulifungwa kabla ya mwanamke wa hapa hajaingia. Sijui kama ningetaka aingie. Nimeona kazi waliyopewa walioingia.

Wiki mbili zilizopita bibi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Asubuhi ya kwenda hospitalini aliomba mkebe wake. Akaivaa riale kwa uzi mweusi, juu ya dira, akapaka wanja macho yote mawili pamoja na lile la kukatwa, mama akazozana naye tukachelewa gari. Nesi alipomwambia avue vyuma vyote mwilini, alivua pete, akavua herini, kisha akaivua riale na kuitazama kwa karibu sana, karibu iguse pua. Nilidhani atampa mama. Akanikunjia mimi kiganjani.

Nilikaa kwenye benchi saa tatu na ushee. Ilikuwa na joto la kifua chake, baadaye ikawa na joto langu. Sikuipima, sikuipiga picha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa mteja anayetaka maneno 800 kuhusu magodoro.

Walimtoa na pamba juu ya jicho, lile jingine amelifumba kwa sababu mwanga ulimchoma. Tulimketisha kitini. Jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono.

"Leta."

Nikampa. Akaiweka juu ya paja, akatafuta bega la yule mjane kwa ncha ya kidole gumba, akaanza kuzunguka kwa ukucha, pole pole, midomo ikitikisika. Nilimwona mama anatabasamu kumfanyia nesi ishara kwamba mzee ana mambo yake. Mimi sikutabasamu.

"Tisa," akasema bibi.

Akaunyoosha uzi, akaniinamishia shingo nimfunge. Nilikuwa nimeshika ncha mbili za uzi nyuma ya kisogo chake, mama ameshageuka kutafuta kiti cha magurudumu, ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, hata sina hakika alitaka nimjibu:

"Siku ile uliyotoka na jaketi la mamako pia n'lihisabu."

Nikafunga fundo. Akaniambia nilifunge tena, la kwanza limelegea.